Trekta Haina Cheche? Usikimbilie Kirinyaga Road Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: amenunua koili mpya, plagi nne na betri, na Ferguson ya marehemu baba yake bado haitoi cheche. Sasa anauliza distributa nzima, ile inayogawia plagi cheche, ni pesa ngapi. Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Huyo ni mimi wa miaka mitano iliyopita.

Yetu ni TE20 ya petroli, ile ya kijivu iliyokuwa ikiundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. Mzee aliiegesha nyuma ya nyumba hapa Dagoretti magoti yalipoanza kumsumbua, na kuku wakahamia kwenye kiti. Tulipomaliza matanga, kaka yangu mkubwa akasema iuzwe kwa kilo, chuma kina bei. Nilikataa mbele ya ukoo mzima. Nikasema nitaiwasha mwenyewe, na wakati huo hata kontakti, vile vibao vidogo ndani ya distributa vinavyofungua na kufunga umeme, sikuwa nazijua.

Fundi niliyemwita alijaribu stata mara tatu (ukiwa mgeni wa Ferguson utatafuta kitufe mpaka jioni, kumbe unasukuma gia kwenye S). Akatikisa kichwa, akasema koili imekufa. Nikashuka Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea ya Nairobi. Kesho yake ikawa kondensa, kisha plagi, kisha betri. Shilingi 14,600, na risiti ninazo. Fundi aliondoka na koili ya zamani, "kwa vile ni mbovu, mkubwa." Haikuwa mbovu. Pesa nimeshasamehe, ile koili bado.

Siku kadhaa baadaye nilikuwa nimeinama juu ya distributa, kifuniko na rota nimeziweka kando, swichi iko on, nikisukuma kontakti kwa bisibisi zifunguke na kufunga. Stima ikapotea mtaa mzima. Katika giza lile nikaona nukta ya bluu, ndogo kama kichwa cha sindano. Haikuwa kwenye kontakti. Ilikuwa pembeni, pale waya mfupi unapoingia ndani ya bakuli la distributa. Nikawasha tochi ya simu: kitambaa kilichovishwa waya huo kilikuwa kimelika, na nyuzi mbili za shaba zilikuwa zinalamba ukuta wa chuma.

Basi ndiyo hiyo tu. Kontakti zikifunga, umeme unapita kwenye koili. Zikifunguka ghafla, koili inarusha cheche. Waya ule ukigusa athi, yaani chuma cha injini, kwa koili ni kama kontakti hazifunguki kamwe. Ningenunua koili kumi ningepata kimya kilekile. Nilitia kipande cha waya laini wa nyuzi nyingi, maana mgumu hukatika kwa kutikiswa, nikauvisha mpira. Kazi ya dakika ishirini.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kununua chochote, tafuta taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Moja iguse mguu wa koili unaoelekea distributa (kwenye koili za Lucas umeandikwa CB), nyingine iguse bodi ya injini. Washa swichi, mtu azungushe injini. Taa ikimetameta, kontakti zinafanya kazi. Geukia kondensa, kifuniko, rota na nyaya za plagi. Ikiwaka bila kuzima, kontakti hazikutani au zimeshika uchafu: pitisha msasa laini, futa kwa karatasi kavu, kisha weka pengo la karibu milimita 0.3. Isipowaka kabisa, huenda umeme haufiki kwenye koili, au kuna waya umegusa athi kama wangu.

Na betri ulivyoiunga? Ferguson hizi zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye athi. Mafundi wetu huzigeuza bila kugeuza nyaya za koili, halafu cheche inadhoofika na kila mtu analaumu plagi. Mimi nililaumu plagi wiki nzima.

Nitasema ukweli hata kama utawachoma wengine: tunapenda kununua kuliko kutazama. Kubeba spea kwenye mfuko kunampa mtu raha ya kuonekana anafanya kazi. Kukaa chini na taa ya shilingi hamsini hakuna anayekupigia makofi. Tazama kwanza! Fuata umeme kutoka betri, hatua kwa hatua, mpaka mahali unapofia. Na spea yako ya zamani usimwachie mtu hata akuite mkubwa mara saba.

Msomaji wangu alijibu Jumamosi. Taa yake iliwaka bila kuzima, na karatasi aliyofutia kontakti ilitoka nyeusi kama masizi ya sufuria. Distributa hajanunua.

Kaka naye alipiga simu siku hiyohiyo, anataka nimlimie ploti yake kabla ya mvua. Nimempa bei. Kwa kilo.