Nani Anatanua Picha? Ushauri kwa Wachezaji na Watengenezaji wa Gemu

Kama umenunua TV nzuri na gemu bado ina ukungu, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia TV. Kabla picha haijafika machoni pako, kuna sehemu tatu inapoweza kutanuliwa, yaani kukuzwa ili ijaze skrini: ndani ya gemu yenyewe, ndani ya mashine, na ndani ya TV. Kazi yangu ya mchana ni kufunga na kutengeneza mashine za gemu hapa Dar es Salaam, nyingi zikiwa za vibanda vya kuchezea gemu kwa malipo. Usiku natengeneza gemu ndogo za simu. Kazi zote mbili zimenifikisha kwenye msimamo mmoja: picha itanuliwe mara moja tu, na aitanue yule anayezijua mashine na skrini kuliko wengine. Tatizo ni kwamba mara nyingi anayetakiwa kuzijua hajapewa taarifa.

Mfano ninaowapa vijana kila mara ni wa PlayStation 3. Ilipoanza kuuzwa Marekani, tarehe 17 Novemba 2006, kule nyumba nyingi zilikuwa na TV za HD za mwanzo, baadhi yake za chogo, ambazo zilipokea 480p na 1080i lakini hazikupokea 720p (namba ni idadi ya mistari ya picha; p ni mistari yote kwa pamoja, i ni nusu kwa zamu). Gemu nyingi za PS3 zilichorwa kwa 720p. Mashine ikiona TV haipokei 720p, na gemu yenyewe haina 1080, haikuitanua picha ifike 1080i. Ilishuka mpaka 480p. Piga hesabu uone hasara yake: 1280 kwa 720 ni pikseli, yaani nukta za picha, 921,600, na 720 kwa 480 ni pikseli 345,600. Mtu kalipa dola 599 kwa mashine yenye diski ngumu ya GB 60, ana TV ya HD sebuleni, halafu anaangalia picha ya kiwango cha DVD.

Xbox 360 ya Microsoft, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, haikuwa na shida hiyo. Ndani yake kulikuwa na chipu iliyokaa kati ya chipu ya picha na waya wa kwenda kwenye TV, kazi yake kupokea fremu, yaani picha moja nzima, ya ukubwa wowote na kuitoa kwa ukubwa ambao TV inaukubali. Mtengenezaji wa gemu hakuhitaji kujiuliza mteja wake ana TV gani.

Mwanzoni mwa 2007 ikajulikana kwamba PS3 nayo ina uwezo wa kutanua, ila wa upande mmoja: upana tu, urefu hapana. Toleo jipya la SDK, kifurushi cha zana za kutengenezea gemu, likawafungulia watengenezaji mlango huo. Ukichora fremu ya 960 kwa 1080, mashine inaivuta yenyewe mpaka 1920 kwa 1080. Fremu hiyo ina pikseli 1,036,800, yaani asilimia 12.5 tu zaidi ya 720p, wakati 1080p kamili inadai 2,073,600. Kwa gharama ndogo hivyo, mwenye TV ya 1080i angeweza kupata picha ya HD badala ya kushushwa. Na PS3 zilikuwa zilezile zilizokwisha kuuzwa, hakuna aliyebadilishiwa kitu ndani ya boksi. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa wanatengeneza gemu waliruhusiwa kutumia kitu ambacho tayari kilikuwemo.

Jambo hili linanigusa sana. Tumezoea kudhani picha mbaya ni dalili ya chuma dhaifu au mtengenezaji mvivu. Mara nyingi ni taarifa iliyochelewa. Xbox One ilipata yake mwaka 2014: Microsoft walipotoa SDK ya Juni, iliyoruhusu gemu kurudishiwa sehemu ya nguvu ya chipu ya picha iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya Kinect, kamera yao ya kufuatilia mwili wa mchezaji, Diablo III ikapanda kutoka 900p hadi 1080p. Chuma kilekile, ruhusa mpya.

Sasa kwa wachezaji, na hasa kwa wenye vibanda, nianze na PS3 kwa sababu bado ziko nyingi kazini. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, nenda kwenye mipangilio ya kutoa video, uchague HDMI kwa mkono. Utaona orodha ya rezolusheni zenye visanduku vya kuweka alama. Usiweke alama zote kwa tamaa. TV nyingi za inchi 32 zilizoandikwa HD Ready zina kioo cha pikseli 1366 kwa 768. Ukiipelekea TV hiyo 1080p, gemu iliyochorwa kwa upana mdogo inavutwa upana na mashine, kisha TV inaishusha tena itoshe kwenye kioo chake. Picha imeshapitia mikono miwili na hakuna pikseli iliyokaa mahali pake. Ondoa alama ya 1080p, acha 720p. TV bado itatanua kidogo, lakini ni mara moja.

Hata kwenye TV ya 1080p kamili, jaribu hivyo kwa baadhi ya gemu. Gran Turismo 5 ikiwekwa 1080p inachorwa kwa 1280 kwa 1080 kisha inavutwa upana. Hizo ni pikseli 1,382,400, nusu nzima zaidi ya 720p. Ukiiacha 720p, mashine inapumua, na mbio zenye magari mengi zinakwenda laini zaidi. Kwenye kibanda, ambako watu wanashindania sekunde, mimi huchagua ulaini.

Ukikosea na skrini ikawa nyeusi, usiwe na wasiwasi. Zima PS3, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili. Itarudi kwenye rezolusheni ya chini na utaanza upya.

Upande wa TV kuna mambo mawili tu ninayoyakagua kila ninapofunga. La kwanza, TV nyingi hukata kingo za picha na kuikuza kidogo, tabia iliyorithiwa kutoka zama za chogo. Hata ukiipelekea picha inayolingana na kioo chake pikseli kwa pikseli, bado inaitanua. Tafuta kwenye menyu ya ukubwa wa picha: LG huandika "Just Scan", Samsung "Screen Fit". Dalili yake utaiona kwenye mpira, pale ambapo matokeo na dakika pembeni ya skrini vinakuwa vimebanwa ukingoni au kukatwa. La pili ni "Game Mode". Iwashe. TV ikiacha kurembaremba picha, pedi inaitika haraka, na wachezaji wako wataacha kulalamika kwamba walibonyeza mapema.

PS2 ina habari yake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimeona watu wengi wakitupa mashine nzima bila sababu. Chipu yake ya picha ina kumbukumbu ya MB 4 tu ndani yake, kwa hiyo gemu nyingi zilichora nusu ya mistari kwa zamu: mistari ya shufwa, kisha ya witiri. TV ya chogo iliipokea mistari hiyo kwa zamu zilezile, na jicho likaunganisha. TV bapa haiwezi kuonyesha hivyo. Lazima ikusanye nusu mbili, ibashiri kilichopo katikati, ndipo itanue mpaka ijaze kioo. Kwa waya wa AV ule wa njano, rangi nazo zimebanwa pamoja na mwanga kwenye waya mmoja, na matokeo yake ni uji. Tafuta waya wa component, wenye vichwa vya kijani, bluu na chekundu kwa picha. Tofauti utaiona kwenye maandishi kabla hata ya kuona kwenye wachezaji. Na kama una chogo nzima yenye rangi nzuri, iache ifanye kazi na PS2. Ndiyo skrini ambayo mashine ile ilitengenezewa.

Kwa wenye PS5, kuna kisa ambacho nilikutana nacho kwa wateja walionunua skrini za kompyuta za 1440p kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu kuliko TV ya 4K. PS5 ilitoka Novemba 2020 bila kuwa na 1440p kabisa. Skrini isiyopokea 4K ilipelekewa 1080p, ikabidi yenyewe itanue kila pikseli kwa moja na theluthi, na maandishi yakawa na ukungu. Sony waliongeza 1440p Septemba 2022 kwa sasisho la programu ya mfumo. Kwa hiyo ukikuta PS5 iliyokwisha kutumika inatoa picha hafifu kwenye skrini ya namna hiyo, sasisha kwanza, kisha fungua ukurasa wa taarifa za video kwenye mipangilio usome inatoa nini hasa. Usiamini boksi, wala mimi. Soma pale.

Nawageukia wadogo zangu mnaotengeneza gemu, kwa sababu ninyi ndio mtaamua picha ya mtu mwingine iweje.

Jifunzeni kupiga hesabu ya kumbukumbu kabla ya kuchagua ukubwa wa fremu. Call of Duty 4 kwenye Xbox 360 ilichorwa kwa 1024 kwa 600, na wengi walishangaa kwa nini namba hiyo ya ajabu. Mashine ile ina kumbukumbu ya haraka ya MB 10 kando ya chipu ya picha. Kila pikseli inahitaji baiti 4 za rangi na baiti 4 za kina (umbali wa kitu kutoka kwa mtazamaji), na ukilainisha kingo kwa sampuli mbili unazidisha mara mbili. Kwa 1280 kwa 720 unapata baiti milioni 14.7, ambazo haziingii bila kuikata fremu vipande. Kwa 1024 kwa 600 unapata 9,830,400, na MB 10 ni baiti 10,485,760. Inaingia na nafasi kidogo inabaki. Aliyechagua namba ile aliijua mashine yake mpaka baiti ya mwisho, na alijua pia kwamba chipu ya kutanua ingemalizia kazi. Huo ndio ufundi ninaouheshimu.

Wengi wetu hatuna mkataba na kampuni za mashine, na nyaraka zao za ndani hatuzioni. Kuna wakati milango ilikuwa wazi zaidi. Mwaka 2002 Sony waliuza kifurushi cha Linux cha PS2 kwa mtu yeyote, kikiwa na miongozo ya kichakataji na ya chipu ya picha. PS3 nayo iliruhusu Linux mwanzoni, lakini chipu ya picha ilizuiwa isiguswe, na tarehe 1 Aprili 2010 hata ruhusa hiyo ya Linux ikaondolewa kwa sasisho. Naona ilikuwa hasara kubwa kwa vijana waliotaka kujifunza.

Lakini simu iliyo mfukoni mwako iko wazi. Android ina amri iitwayo setFixedSize kwenye SurfaceHolder, na nashangaa ni wachache wanaoitumia. Tuseme simu ina skrini ya 2400 kwa 1080 na chipu dhaifu ya picha. Ukichora kwa ukubwa wote unachora pikseli 2,592,000 kila fremu. Ukiagiza 1600 kwa 720, uwiano ni uleule, pikseli zinakuwa 1,152,000, na chuma cha simu kinachounganisha picha kinatanua chenyewe. Simu inakuwa baridi, betri inadumu. Kumbuka jambo moja: mguso wa kidole bado unakuja kwa vipimo vya skrini, si vya fremu yako. Usipogawanya ipasavyo, mchezaji atabonyeza kitufe na kitaitika kingine.

Usiandike ukubwa wa skrini moja kwa moja ndani ya msimbo. Iulize simu kila gemu inapofunguka, na tena skrini inapogeuzwa. Chora dunia ya gemu kwa ukubwa ambao chipu inaumudu, lakini maandishi na vitufe vichore kwa ukubwa kamili wa skrini, juu ya picha iliyokwisha kutanuliwa. Hapo utahitaji kutanua mwenyewe ndani ya gemu badala ya kuiachia simu. AMD, kampuni ya chipu, waliweka wazi msimbo wa FSR, mbinu yao ya kutanua picha, mwaka 2021, kwa leseni inayokuruhusu kuusoma, kuubadilisha na kuutumia bure. Usome hata kama hutautumia. Utaona jinsi kingo zinavyotafutwa na kunolewa, kazi ambayo mwaka 2006 ilikuwa imefungiwa ndani ya chipu.

Na kabla hujatoa gemu yako, tengeneza ukurasa mmoja wa majaribio: mistari myeusi na myeupe, kila mmoja pikseli moja. Ufungue kwenye simu za rafiki zako, za bei tofauti. Ukiona mistari safi, pikseli zako zinafika zilivyo. Ukiona kijivu au mawimbi, kuna mtu anatanua, na hutakiwi kulala mpaka ujue ni nani.