Toti sio kumkariri konokono (kwa mnaoanza mwaka wa kwanza sheria)

Wadogo zangu mnaoanza sheria mwaka huu, hili somo la toti, au sheria ya madhara ukitaka Kiswahili chake, yaani mtu kakuumiza bila kuwa na mkataba naye na unamdai fidia, lisiwatishe. Ila lina mtego na mimi niliuingia kichwakichwa. Tesiti ya kwanza nilijaza kurasa mbili nzima namwelezea konokono, nikapata 9 kwa 30, na mwalimu kaandika pembeni kwa wino mwekundu "konokono nimemwona, jibu liko wapi?"

Konokono mwenyewe ni wa Donoghue v Stevenson, kila desa linaanza naye. Mwaka 1928 mama mmoja yuko mgahawani Paisley kule Scotland, rafiki yake kamnunulia kinywaji cha tangawizi, chupa ni ya giza huoni ndani, kanywa kidogo, rafiki anamalizia kumimina ndo kikashuka kitu wanachodai ni konokono aliyeoza, mama akaumwa. Mkataba na mwenye mgahawa hana maana hakununua yeye, sasa amdai nani? Mwaka 1932 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza enzi hizo, wakaamua, 3 kwa 2, kwamba mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mnywaji wa mwisho, na Lord Atkin ndo akaleta lile swali la jirani yangu ni nani: ni yule ambaye nilipaswa kumfikiria kwamba nikizembea nitamuumiza. Hicho ndo cha kubeba. Giza la chupa nalo lina kazi yake, kwamba hakuna ambaye angeweza kukagua kile kinywaji kati ya kiwandani na mezani. Na kwa taarifa yenu, kama konokono alikuwemo kweli haikuwahi kuthibitishwa, walibishania sheria tu, Stevenson mwenye kiwanda akafariki na shauri likaisha kwa makubaliano.

Halafu hapa Tanzania tarehe ya kupokea sheria za Uingereza ni 22 Julai 1920, yaani tulichukua zile zilizokuwepo kwao mpaka siku hiyo, kwa hiyo kesi ya 1932 inashawishi tu mahakama zetu, haizifungi. Ukiandika "mahakama inafungwa na Donoghue" umejichoma mwenyewe.

Sasa ukikutana na swali la uzembe usikimbilie kesi, kimbilia maswali. Huyu alikuwa na wajibu kwa huyu? Kauvunja? Na kuuvunja kwake ndo kulikoleta haya madhara, na ni madhara ambayo mtu mwenye akili zake angeyaona yanakuja? Watu wanaruka hapo kwenye kusababisha, wakishaona daktari kazembea wanampa hukumu. Soma Barnett ya 1969: walinzi watatu wamekunywa chai wanatapika, wameenda hospitali, daktari kagoma kuwaona kasema warudi kwao, mmoja akafa, kumbe chai ilikuwa na aseniki. Uzembe upo wazi kabisa, lakini mjane alishindwa kwa sababu hata angepokelewa palepale, dawa isingemuwahi. Inauma, ila ndo toti.

Mambo ya mwajiri kubeba dhima ya mfanyakazi wake ndo matamu zaidi na ndo yanatoka sana kwenye mitihani. Tuchukue daladala. Mwenye gari kampa dereva, dereva saa nane mchana kachoka kamwachia deiwaka, dereva wa kibarua, apige tripu mbili, deiwaka kagonga muuza mahindi. Mwenye gari hamjui hata sura huyo deiwaka, analipa au halipi? Kuna kesi ya Uingereza, Morgans v Launchbury ya 1973, gari la mke, mume kalewa akampa mshikaji aendeshe, wakapata ajali, na mke akaonekana hahusiki kwa sababu yule mshikaji hakuwa anaendesha kwa shughuli ya mke. Mwanafunzi mvivu ataibandika hapa aseme mwenye daladala kapona. Wewe jiulize hesabu ya jioni inaenda kwa nani. Zile tripu mbili zinatafuta hela ya mwenye gari, tofauti kabisa na watu wanaotoka baa. Mwenye gari naye atasema nilimkataza dereva kumpa mtu gari, nawe uulize je, alimkataza asifanye kazi ile kabisa au alimkataza namna ya kuifanya tu? Mimi naona alikataza namna tu, kwa hiyo analipa, lakini ukimtetea vizuri mwalimu atakupa maksi zilezile, maana anatafuta hoja.

Kwenye fidia nitaenda haraka. Hasara unayoweza kuipigia hesabu, kama bili ya hospitali au bajaji kutengenezwa, lazima uitaje kwenye hati ya madai na uithibitishe kwelikweli, kesi yake ni Zuberi Augustino v Anicet Mugabe ya 1992, ikaririni hiyo. Maumivu na usumbufu mahakama inakadiria yenyewe. Na muda wa kudai kwenye toti ni miaka 3, sio 6 ya mkataba. Nilipokuwa field alikuja mzee mmoja kagongwa na pikipiki, ana mfuko wa rambo umejaa risiti za hospitali kazipanga kwa tarehe vizuri kuliko sisi tunavyopanga notsi, ushahidi wote upo, wakili kafungua ya kwanza kabisa kaangalia tarehe ya ajali, miaka minne na miezi. Akazirudisha mfukoni moja moja, hakuna aliyeongea.