Noti kwenye Paji la Uso

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Dar es Salaam niliyelelewa na nyimbo za Msondo na Sikinde, bendi za dansi za Dar es Salaam, na sasa nafanya kazi Nairobi. Jumamosi iliyopita rafiki zangu walinichukua kwenda kutazama bendi tatu walizoziita za "indi", zote zikipiga usiku mmoja katika ukumbi mdogo. Kati ya bendi moja na nyingine tulikaa karibu nusu saa tukitazama watu wakihangaika na nyaya. Bendi ya pili iliponikonga moyo, nilikwenda mbele nikamtunza mwimbaji kwa kumbandika noti kwenye paji la uso, lakini ikadondoka juu ya pedali za gitaa lake (vifaa vya kukanyaga vinavyobadili sauti yake), akapotea katikati ya ubeti, na wenzangu wakasema nimewaaibisha. Masikio yalinivuma hadi Jumapili mchana. Bendi hizi ni za namna gani, na je, nilikosea?

JIBU: Kumtunza hukukosea; ulikosea mahali pa kuiweka noti. Katika dansi na taarabu mtunzaji ni sehemu ya onyesho, na mwimbaji aliyeshika maikrofoni tu humwona akija na kumpokea kwa tabasamu. Mwimbaji wako alikuwa na mikono miwili kwenye gitaa na mguu juu ya pedali, kwa hiyo hakuwa na namna ya kukupokea. (Rafiki zako nao wangeweza kukunong'oneza mapema.)

Neno "indi" ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea. Lilienea Uingereza kutokana na kampuni ndogo za kurekodi, kama vile Rough Trade ya London na Factory ya Manchester, zilizoanza mwaka 1978 na kutoa kazi za vijana nje ya mfumo wa kampuni kubwa. Baadaye likageuka pia kuwa jina la mtindo wa muziki, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kwa mtu wa Msondo, njia rahisi ya kulielewa ni kuuliza vyombo ni vya nani. NUTA Jazz, ambayo ndiyo chimbuko la Msondo Ngoma, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafirishaji, ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, mwaka 1983. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, na aliyehama bendi aliliacha gitaa kwa mwenye mali. Just A Band, bendi ya indi ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 2003 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, haikuwa na mwajiri wa aina hiyo. Vijana wale walijirekodia na kujitengenezea video wenyewe.

Ndiyo maana mlisubiri. Bendi ya dansi hupiga usiku kucha kwa vyombo vyake, ilhali bendi tatu zinapopokezana jukwaa moja, kila moja hufunga vyake upya, na fundi mitambo hulazimika kupima ngoma, besi, magitaa na sauti za waimbaji kimoja baada ya kingine.

Kuhusu masikio, usilipuuze jambo hilo. Wataalamu wa usalama kazini hukadiria kuwa sikio huhimili desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 unabaki na robo saa tu. Ukumbi mdogo wenye spika kubwa hufika huko bila shida. Nunua vizibo vya sponji dukani kwa mwuza dawa, na usimame karibu na meza ya fundi mitambo badala ya mbele ya spika, kwa kuwa hapo ndipo yeye mwenyewe anapousikiliza muziki anaoupanga. Mvumo ukiendelea zaidi ya siku moja, au ukirudi mara kwa mara, muone daktari wa masikio.

Ukitaka kutunza tena, ngoja bendi imalize, kisha nunua fulana yao au waombe namba ya M-Pesa. Bendi isiyo na mwajiri hutegemea sana fedha za namna hiyo pamoja na mgawo wa kiingilio. Fika pia mapema, kwa maana bendi ya kwanza mara nyingi hupigia viti vitupu. Na rafiki zako watakapokuja Dar es Salaam, wapeleke Msondo, ila uwaambie mapema wabebe noti ndogondogo.