Jibu: Kwa nini hotuba ya Lincoln pale Gettysburg bado inaishi

Ndugu yangu, umeuliza hotuba ya dakika mbili ya Rais Abraham Lincoln wa Marekani, aliyoitoa kwenye makaburi ya askari pale Gettysburg wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, imedumu vipi hivi. Anza na hesabu yake. Tarehe 19 Novemba 1863 Lincoln alifungua kwa "miaka themanini na saba iliyopita". Toa 87, unafika 1776, mwaka wa Tangazo la Uhuru wa Marekani lililosema watu wote wameumbwa sawa. Hakurudi kwenye Katiba, iliyouvumilia utumwa. Hapo hapo vita vikapata maana nyingine, ya kupigania usawa! Kisha sikiliza anavyokana mara tatu: hatuwezi kuiweka wakfu ardhi hii, hatuwezi kuitakasa, hatuwezi kuitukuza, waliopigana hapa wameshafanya hivyo. Mimi mstari huo hunigusa kuliko hata ule wa mwisho, wa "serikali ya watu, inayoendeshwa na watu, kwa ajili ya watu". Edward Everett, msemaji mkuu wa siku hiyo, aliyehutubia kabla yake kwa muda wa saa mbili, kesho yake alimwandikia Lincoln kumsifu.