Regulata inalinda mtungi, sufuria inalindwa na nani?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Juzi jioni nilibandika mafuta ya kukaangia kwenye jiko la gesi, simu ikaita, nikatoka nje kuongea. Kurudi, jikoni kumetanda moshi, mafuta yanafuka na kunuka vibaya. Nilizima jiko haraka, nikaishika sufuria kwa kitambaa nikaikimbiza nje. Namshukuru Mungu hakuna kilichoungua, lakini tangu siku ile sina amani. Mume wangu ameletewa regulata, kile kifaa cha kufunga kwenye mtungi wa gesi, yenye saa ya kupimia. Muuzaji anasema inakata gesi yenyewe ikitokea hatari, kwa hiyo hata mtu akisahau jiko nyumba haiungui. Ni kweli? Na yale mafuta naweza kuyatumia tena?

JIBU: Pole sana dada yangu kwa mshtuko. Swali la mafuta ni dogo, nitalijibu mwishoni. La regulata ndilo linalonikera, na anayenikera si wewe, ni huyo muuzaji. Nimefanya kazi ya zimamoto miaka mingi, siku hizi nakagua nyumba na kufundisha. Nyumba nyingi ninazoingia, mwenye nyumba hunipeleka kwanza kwenye mtungi kunionesha kifaa alichofunga, huku juu ya jiko pazia linapepea karibu na moto na wala halioni.

Hebu turudi jikoni kwako jioni ile. Gesi ilitoka mtungini, ikapita kwenye regulata, ikapita kwenye mpira, ikawaka vizuri chini ya sufuria. Hakuna kilichovuja wala kilichopasuka. Upande wa gesi, kila kitu kilifanya kazi yake. Sasa niambie, hiyo regulata mpya ingeona hatari gani hata ikate?

Regulata za aina hiyo zina vali ndogo ndani inayojifunga gesi ikitoka kwa kasi isiyo ya kawaida, mathalani mpira ukichomoka au ukikatika. Ni kitu kizuri, sikikatai. Lakini mpira wenye ufa mwembamba unaovujisha gesi kidogo kidogo, hauishtui vali hiyo. Kwa vali ile, gesi hiyo ni sawa na mtu anayepika kwa moto mdogo. Hata hiyo saa iliyokuvutieni, wengi wanadhani inaonesha gesi iliyobaki. Haioneshi. Inapima msukumo wa gesi, na msukumo ndani ya mtungi hubaki karibu uleule mpaka gesi ya majimaji iishe, ndipo unashuka ghafla. Ukitaka kujua gesi iliyobaki, pima uzito wa mtungi.

Jiko lenyewe pia huenda lina ulinzi wake. Chungulia kando ya matundu ya moto: ukiona kijiti kidogo cha chuma kimesimama kikilambwa na moto, kazi yake ni kufunga gesi pale moto unapozimika kwa upepo au kwa maji yaliyofurika kutoka sufuriani. Kijiti kikipoa, gesi inakatika. Hicho nacho ni kizuri mno. Ila kwako moto haukuzimika. Uliwaka kama kawaida, na hapo ndipo penye tatizo.

Kilichotaka kuichoma nyumba yako ni mafuta. Watu wameaminishwa kwamba moto wa jikoni unatoka mtungini, basi akili yote na fedha zote zinakwenda mtungini. Mtungi ukilipuka ni balaa, sibishi. Lakini moto wa jikoni mara nyingi huanzia kwenye chombo kilicho juu ya jiko, na mara nyingi aliyekuwa anapika hayupo. Marekani, ambako shirika la kinga dhidi ya moto, NFPA, hukusanya takwimu za moto, upishi ndio unaoongoza kwa kusababisha moto majumbani, na sababu kubwa ni kupika bila mtu kusimamia.

Watu hawalioni hili kwa sababu wamezoea maji. Ukisahau sufuria ya maji, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 na kubaki hapohapo, hata uongeze moto vipi, mpaka yakauke. Unaweza kusahau nusu saa ukakuta bado yanatokota. Mafuta hayana kituo kama hicho. Unakaangia kwenye nyuzi 170 hadi 190. Ukiondoka yanaendelea kupanda: kwenye 200 na kitu mengi huanza kufuka moshi, na yakifika karibu 350 au kuzidi kidogo yanawaka yenyewe. Hayahitaji kiberiti wala kuguswa na moto wa jiko. Na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mara kadhaa huanza kufuka mapema zaidi kuliko mapya. Kwa hiyo ule moshi ulioukuta ulikuwa onyo la mwisho. Kati ya moshi mzito na moto ni dakika chache tu, na simu yako ingerefuka kidogo leo ungeniandikia barua nyingine.

Sasa nikukaripie kidogo, uniwie radhi. Kuzima jiko ulifanya vyema. Kuikimbiza sufuria nje, hapana. Tena hapana. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila siku, na watu hulisimulia kama ushujaa.

Niliwahi kuingia kwenye nyumba ambayo moto ulishazimwa. Jiko lenyewe lilikuwa limepona, hata kiberiti kilikuwa bado kimelala kando yake. Lakini sakafuni palikuwa na madoa meusi, la kwanza hatua moja kutoka jikoni, la pili kubwa zaidi ukutani mahali mpishi alipopinda, la tatu refu kama mtu aliyekokotwa. Mlangoni sufuria imepinduka, na pembeni yake zulia limeungua mpaka kwenye saruji. Ungeweza kuhesabu hatua zake. Mafuta yalishika moto akiwa ameyabeba. Na ukitembea na chombo kinachowaka, upepo wa mwendo wako unarudisha ndimi za moto usoni na mikononi. Mkono ukiungua unaachia, hilo halina mjadala. Moto ambao ungebaki juu ya jiko ulisambaa nyumba nzima kwa miguu yake mwenyewe.

Mafuta yanayofuka, zima jiko, yafunike, uyaache palepale. Yakiwa yameshika moto, zima kama unaifikia swichi bila kupitisha mkono juu ya moto, kisha telezesha mfuniko au sinia la chuma kutoka ubavuni, ukiwa umeliweka mbele yako kama ngao. Blanketi la kuzimia moto linafaa vilevile. Halafu usifunue. Watu hufunua baada ya dakika mbili waone kama umezimika. Mafuta bado yana joto la kuwaka, yanapata hewa, yanalipuka upya usoni. Acha mpaka sufuria ipoe kabisa, hata ikichukua saa nzima. Ukishindwa kufunika, toka, funga mlango wa jikoni nyuma yako, toa watu wote nje, ndipo uite zimamoto. Mlango uliofungwa unauchelewesha moto kuliko watu wanavyodhani.

Na maji? Kwenye mafunzo huwa nafunga kikombe kimoja cha maji kwenye mti mrefu, nakimimina kwenye sufuria ndogo ya mafuta yanayowaka. Wanafunzi nawasimamisha mbali, na bado kila mara wanarudi nyuma hatua tatu. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanakuwa mvuke mara moja, na maji yakiwa mvuke hutanuka karibu mara 1,700. Mvuke huo unayarusha mafuta juu yakiwa vitone vidogo, kila kitone kinawaka. Moto wa sufuria unapanda hadi darini kwa kufumba na kufumbua. Kikombe kimoja, si ndoo.

Ndiyo maana siwavumilii wanaosambaza video za "mbinu za bibi". Unga? Unga unaungua, na ukipeperuka hewani penye moto unaweza kulipuka. Kitambaa kilichochovywa maji na kurushwa kikichuruzika? Hayo ni maji. Chumvi na magadi, labda kwa moto mdogo sana kwenye kikaango, na utahitaji mengi kuliko uliyo nayo mkononi. Kisha kuna ile mipira ya kurusha motoni inayopasuka na kumwaga poda. Nimeulizwa kuihusu mara nyingi. Fikiria mwenyewe: unarusha kitu kizito ndani ya sufuria ya mafuta yanayowaka. Hata kama kisingerusha mafuta, poda huziba moto ila haiyapozi mafuta, kwa hiyo yanaweza kuwaka tena dakika inayofuata. Mitungi ya kuzimia moto ya poda ina udhaifu huohuo, na ukiipulizia karibu inayatawanya mafuta. Iliyotengenezwa mahususi kwa mafuta ya kupikia ipo. Ulaya ina alama ya herufi F, Marekani herufi K. Ukikosa hiyo, mfuniko wako wa kawaida unashinda nusu ya vitu vinavyouzwa.

Nisionekane nachukia vifaa. Kipo kifaa kinachoangalia sufuria. Japani, tangu mwaka 2008, sheria inataka majiko ya gesi ya nyumbani yawe na kinga dhidi ya mafuta kupata joto kupita kiasi: katikati ya moto kunachomoza kitu kama kitufe kinachogusa kitako cha sufuria, kinapima joto, na kwenye nyuzi 250 hivi kinakata gesi. Hicho kingekusaidia jioni ile, kwa sababu kinapima pale palipo na hatari. Baadhi ya majiko ya umeme nayo hujizima. Kwa hiyo mtu akija na kifaa, muulize swali moja tu: kinapima nini? Akisema kinapima gesi, basi kinalinda gesi. Akisema kinalinda kila kitu, amekupiga changa la macho.

Hatari ya uongo huu haiishii kwenye fedha zilizopotea. Mtu aliyeaminishwa kuwa "nyumba haiungui" ndiye anayejilaza kidogo sebuleni sufuria ikiwa motoni. Nimewakuta wenye kifaa kipya kinachong'aa mtungini na kingʼora cha moshi kilichotolewa betri kwa sababu kilikuwa kinapiga kelele wakati wa kupika. Kingʼora kinachopiga kelele kila ukipika kimewekwa pabaya tu. Kihamishie kwenye ushoroba nje ya jikoni, kijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe chake. Ndicho pekee kingekuita kwenye ile simu yako.

Kwako wewe ningependekeza mambo ya kizamani kabisa. Kabla ya kuwasha, mfuniko unaolingana na sufuria uwe tayari kando ya jiko, si kabatini. Mkia wa kikaango ugeuzwe ndani. Vitambaa, karatasi na pazia visogezwe mbali. Na ukiitwa, uwe umekaanga nusu au robo, zima kwanza ndipo uitike. Usijiambie "nakuja sasa hivi", maana hakuna aliyeniambia kwamba alipanga kukaa nje dakika ishirini. Kwa mapishi ya kuchemka, ambayo kweli huwezi kuyasimamia kwa muda wa saa tatu, weka kengele ya simu na simu uende nayo mfukoni. Ukiwa na usingizi au umekunywa, usikaange.

Regulata mliyoletewa, kama imethibitishwa na mamlaka ya viwango na inaingia kwenye mtungi wenu bila kulazimishwa, ifungeni. Pakeni povu la sabuni kwenye maungio mwangalie mapovu; msijaribu kwa kiberiti, ingawa najua fundi wenu amewahi kufanya hivyo mbele yenu. Siku mkisikia harufu ya gesi, msiguse swichi yoyote ya taa, iwe ya kuwasha au kuzima. Fungeni mtungi, fungueni milango na madirisha, mtoke. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, kwa hiyo kufungua dirisha la juu peke yake hakutoshi.

Haya, mafuta yako. Usiyatumie tena. Yameshavunjika kwa joto, yatatoa ladha chungu, na safari ijayo yatafuka mapema zaidi. Yaache yapoe kabisa, yatie kwenye chombo chenye kifuniko ndipo utupe; usiyamwage kwenye sinki. Sufuria yenyewe igeuze uitazame kitako kama kimebonyea, kisha shika kila kishikio ukitikise. Ribiti, ile misumari inayoshikilia kishikio, zikiwa zimelegea, hiyo usikaangie tena.