Mwiba unaotoa ute

Swali: Yule jamaa wa kiti cha pweza mwenye mikono myembamba, mbona miiba yake ina ute? Nikimtia kwenye spiriti ili kumhifadhi, hujikata vipande.

Jibu: Kwa Ophiocomina nigra, spishi mojawapo ya jamaa huyo katika bahari za Ulaya, ngozi ya miiba ina tezi za ute. Nyuzi za ute hutanda kati ya mwiba na mwiba kama za buibui; chembe zikinasa, vijiguu, yaani miguu midogo laini iliyo mikononi, huziviringa donge na kulipeleka mdomoni. Humo humo ngozini zimo seli za hisia, na neva hupita ndani ya mwiba.

Spiriti humshtua. Mlegeze kwanza kwa kumtia katika mchanganyiko huu: gramu 75 za magnesi kloridi ndani ya lita 1 ya maji ya bomba, nusu kwa nusu na maji ya bahari. Asipojikunja ukimgusa, ndipo spiriti. Usimshike mkono, utabaki nao. Mchote kwa kijiko.