Uliza Mzee wa Kaunta: Unalipia Hewa, Binti Yangu

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasuka na kuuza vikapu vya milulu hapa Iringa. Wateja wangu wengi wako Dar, nawatumia kwa basi, na wachache wako Mwanza. Mwezi uliopita wifi yangu aliyeko Leeds, Uingereza, ameniagiza seti tatu, kila seti vikapu vitatu. Nikatafuta boksi gumu, nikavipanga vizuri, nikapima kwenye mzani wa duka la jirani: kilo 4. Kufika kwenye ofisi ya kampuni moja ya kusafirisha vifurushi kwa ndege, naambiwa nilipie kilo 19 na nusu! Nikabeba boksi langu nikarudi nalo nyumbani. Je, walitaka kuniibia? Na kati ya Posta, basi na hao wa ndege, nafuu iko wapi?
Msukaji, Iringa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Hawakutaka kukuibia, lakini ulifanya vema kuondoka na boksi lako.

Ndege huwa inajaa nafasi kabla ya kujaa uzito. Kwa hiyo kampuni hizi huchukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 5,000. Kinachopatikana ndicho wanachokiita uzito wa ujazo. Wanaulinganisha na ule wa mzani, na wewe unalipia ulio mkubwa. Nabahatisha boksi lako lilikuwa 60 kwa 40 kwa 40. Zidisha, inakuja 96,000. Gawanya kwa 5,000, unapata 19.2, nao hupandisha hadi nusu kilo inayofuata. Hiyo ndiyo 19 na nusu yako. Kilo 4 za milulu, zilizobaki zote hewa.

Nilikaa kaunta ya vifurushi miaka mingi, tangu enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla Posta haijasimama peke yake tarehe 1 Januari 1994. Zamani watu walikuja na vifurushi vilivyoshonewa kitambaa cha amerikani, mshono umepigwa lakiri nyekundu, na kitu kilichomo ndani kimebanwa hata huwezi kuingiza kidole. Siku hizi mtu ananunua boksi kubwa kwanza, ndipo anatafuta cha kulijaza. Nikiona boksi linatingishika kwenye mikono ya mteja, roho inaniuma kwa niaba yake.

Sasa vikapu vyako. Nimeviona sana hivyo vya Iringa, najua vinasukwa vikubwa na vidogo. Kwenye boksi ulivipanga kandokando kama sahani za kabatini, sivyo? Viingize kimoja ndani ya kingine: kidogo kiingie cha kati, cha kati kiingie kikubwa. Mikono ya vile vya ndani ilaze, usiikunje, maana milulu ikivunjika hairudi. Ukimaliza, seti nzima ina ukubwa wa kikapu kimoja. Usiitafutie boksi. Ifunge karatasi ngumu ya kaki mara mbili, kamba juu yake, na jina la wifi yako liandikwe pia kwenye kijikaratasi kinachobaki ndani ya kikapu, karatasi ya nje ikichanika apatikane.

Hapo chukua futi ya cherehani. Posta ina kipeto kidogo, ambacho husafiri na barua na kulipiwa kwa uzito wa mzani. Masharti yake ni kwamba kisizidi kilo 2, upande mrefu usizidi sentimita 60, na urefu, upana na kimo ukivijumlisha visizidi 90. Tuseme kikapu chako kikubwa kina kimo cha 30 na upana wa 28. Thelathini na 28 na 28 ni 86. Umebakiwa na sentimita 4 za karatasi na kamba. Seti zako tatu kwa kilo 4 maana yake kila moja ina kilo 1 na robo au zaidi kidogo. Basi zitume kama vipeto vitatu mbalimbali, badala ya boksi moja linalozidi kilo 2 na kukupeleka kwenye bei ya vifurushi. Karani akikuuliza mbona hukuviweka pamoja, mwambie nimekutuma mimi.

Omba visajiliwe. Kila kimoja kitapewa namba inayoanza kwa herufi R na kuishia TZ, na wifi yako ataitumia kufuatilia akiwa huko huko Leeds. Haraka usiitegemee: hapa unahesabu wiki. Akitaka ndani ya siku chache, basi ni EMS, ile huduma ya haraka ya Posta, au hao wa ndege, na bei yake ni ya mwenye haraka.

Utapewa na fomu ya forodha, CN22. Watu huijaza kama wanajaza daftari la wageni. Andika kwa Kiingereza kwamba ni vikapu vilivyosukwa kwa nyasi kavu, vingapi, uzito na thamani yake. Neno "zawadi" peke yake halimwambii mtu wa forodha kilichomo. Na kwa vile umesema "ameniagiza", kama amekulipa, weka alama penye mauzo. Uingereza zawadi ya kweli, ya mtu kwa mtu, isiyozidi pauni 39 haitozwi VAT. Ikizidi, anayedaiwa ni mpokeaji kabla hajakabidhiwa, pamoja na ada ya posta ya kule. Wifi ajue hayo mapema kwa simu, asije akakununia wewe.

Tukija kwenye basi. Kwa Dar sikushauri uliache, mzigo wa jioni unafika asubuhi. Ila nadhani hesabu yako ya nauli ina pande mbili tu, wewe na ofisi ya basi. Ongeza pikipiki ya kutoka mjini kushuka stendi ya Igumbilo. Ongeza na mteja wako wa Kigamboni, ambaye tangu stendi ya Ubungo ihamie Mbezi Luis mwaka 2021 anavuka jiji zima kufuata kikapu kimoja. Ukizijumlisha zote, kikapu kinaweza kuwa kimelipiwa nauli tatu. Wangoje wateja wafike watano au sita, vikapu vyao viingizane kwenye kiroba kimoja, kipokewe na mtu wako mmoja pale Mbezi naye awasambazie. Kwa Mwanza uliza kwanza kama basi linakwenda moja kwa moja. Mzigo ukishushwa Dodoma na kupandishwa lingine, umelipa mara mbili na umepita mikono mingi. Hapo mimi napeleka Posta.

Na risiti, binti yangu, yenye jina la kampuni na namba ya mzigo. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na posta, inawataka wanaobeba vifurushi wawe na leseni, wenye mabasi wakiwemo. Konda akikuambia "niachie tu, nitamwekea dereva hapa mbele", huna pa kudai.

Nasema hivyo, lakini mimi mwenyewe, niliyewafokea watu kwa anwani mbovu maisha yangu yote, niliwahi kumtumia binti yangu ndoo ya dagaa kwa basi nikaandika "Mama Neema" na namba ya simu kwa kalamu ya wino wa maji. Mvua ikanyesha njiani. Siku nne ile ndoo ilikaa kwenye ofisi ya mizigo, na akina Mama Neema watatu walishapigiwa simu, kila mmoja akaikana. Wa nne alikuwa wangu. Wala hakuwa na haja ya kuitafuta, aliifuata harufu.

SWALI: Mzee, shikamoo. Nipo Songea. Ofisi moja Dodoma inataka vyeti vyangu halisi wavikague. Rafiki yangu ananiambia nimpe konda, ni bei ya soda mbili. Nifanyeje?
Kijana, Songea

JIBU: Marahaba. Kwanza waulize tena kama hawawezi kupokea nakala iliyothibitishwa na wakili. Wengi wanakubali, na hiyo ikipotea unatoa nyingine. Wakikataa, tumia EMS. Bahasha ya vyeti ni nyepesi, haikugharimu kama kifurushi, na namba yake inaanza kwa E. Risiti ipige picha hapo hapo kaunta kabla hujaikunja mfukoni. Cheti usikikunje wala usikibane kwa pini: kiweke kati ya makaratasi mawili magumu ya boksi la maziwa, kisha ndani ya mfuko wa nailoni, ndipo bahasha.

Konda ni mtu mwema tu, lakini juu ya dashibodi yake kuna chai, funguo, mahindi ya kuchoma na bahasha za watu kumi. Kidato cha nne ulisoma miaka minne. Mpe soda zake mbili anywe, vyeti vipeleke Posta.